Mgeni Rasmi Hayupo

Vijana mliokaa kijiweni Kaloleni, simu mmeitumbukiza ndani ya glasi tupu ili redio isikike vizuri, mambo vipi?

Huku nje ni ukungu mtupu. Leo siku ya tatu Mlima Meru hatujauona, umejifunika gubigubi kama mwenye homa. Ndiyo masika. Na wewe mwenyeji wa mji huu unajua masika ya Arusha maana yake nini. Magari ya watalii yamepaki uani Njiro na Sakina, yamefunikwa maturubai. Waongoza watalii wako nyumbani wanawasaidia watoto hesabu za shule. Hoteli zimepunguza wapishi. Mwenye genge mtaani anakuuliza, "Hivi wageni wanarudi lini?"

Basi ilikuwa msimu kama huu, miaka miwili iliyopita, mimi na rafiki zangu wawili tukapata wazo. Tukasema: watu wa kazi ya utalii sasa hivi wana nafasi. Tuwaite wakutane siku moja, waizungumze kazi yao. Isiwe semina. Asiwepo mtoa mada. Ajenda waipange wao wenyewe, asubuhi ileile, wakiwa wameshafika. Na walipe kiingilio, ili na sisi tupate chochote.

Unacheka? Na wao walicheka.

Mtu wa kwanza niliyempigia simu ni mwongoza watalii mzoefu, mtu wa heshima zake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza maswali mawili. La kwanza: "Mgeni rasmi ni nani?" Nikamwambia, kaka, mgeni rasmi hayupo. Akanyamaza kidogo. La pili: "Na posho je?" Nikamwambia posho hakuna, ila wewe ndiye utakayelipa, elfu thelathini. Simu ikakatika. Nataka kuamini ulikuwa ni mtandao.

Mgeni rasmi ni nani, na posho ni kiasi gani. Msikilizaji, hayo ndiyo maswali mawili ambayo mji huu unauuliza kila mkutano. Leo nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu ukiyaelewa hayo mawili, utaelewa jinsi ya kuwavuta watu kwenye mkutano wanaouongoza wenyewe, na utaelewa pia jinsi ya kupata faida bila kumwibia mtu.

Tuanze na mji wenyewe. Arusha inaishi kwa mikutano. Jengo lile la AICC, lenye mabawa yake matatu, Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti, lilijengwa liwe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikafa mwaka 1977, jengo likabaki kama nyumba ya marehemu, kubwa na haina mtu. Mwaka 1978 serikali ikaligeuza kituo cha mikutano ya kimataifa. Tangu hapo tumeona mengi. Mwezi Agosti 1993 mkataba wa amani ya Rwanda ulitiwa saini katika mji huu, na sote tunajua yaliyofuata mwaka uliofuatia. Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ikaja, ikakaa mle ndani hadi mwaka 2015. Agosti 2000 wakaja kusaini mkataba wa Burundi, Mzee Mandela yupo, Clinton yupo, mji mzima ukapigwa mswaki. Ndipo likashika lile jina la Geneva ya Afrika.

Lakini nikuulize. Katika mikutano yote hiyo, sisi wa Arusha tulikuwa nani? Tulikuwa madereva. Tulikuwa wapishi, wakalimani, wafua mashuka, walinzi wa getini. Sisemi ni kazi mbaya, mimi mwenyewe ada ya sekondari nililipiwa na mashuka ya hoteli, maana mama yangu aliyafua. Ninachosema ni kwamba tumejua sana kumpangishia mtu ukumbi. Kuumiliki mkutano wenyewe, hapo bado.

Sasa, mkutano unaoongozwa na washiriki wenyewe unakwendaje? Nikueleze, ni rahisi kuliko unavyodhani. Mnafika asubuhi. Viti vimepangwa duara, hakuna meza kuu. Ukutani kuna karatasi kubwa tupu yenye mistari: saa na pembe. Saa nne, pembe ya mwembe. Saa nne, pembe ya jikoni. Saa tano, barazani. Anayetaka jambo fulani lizungumzwe anasimama, analisema kwa sentensi moja, analiandika kwenye karatasi, analibandika ukutani. Dakika arobaini mna ratiba ya siku nzima. Kisha kila mtu anakwenda penye jambo linalomwasha. Ukiona mahali ulipo hujifunzi na huchangii, unanyanyuka unahamia pembe nyingine. Wanaoendesha mikutano ya namna hii wanaiita kanuni ya miguu miwili.

Utaratibu huu aliuandika Mmarekani mmoja, Harrison Owen. Mwanzoni mwa miaka ya themanini alihangaika mwaka mzima kuandaa mkutano wa kimataifa wa watu 250. Ulipokwisha, kila mtu, na yeye mwenyewe akiwemo, akakubali kwamba kilichowafaa zaidi ni mapumziko ya chai. Yaani kitu pekee ambacho hakukipanga! Akajiuliza: hivi siwezi kufanya mkutano mzima uwe mapumziko ya chai? Na hapo ndipo akakumbuka kijiji cha Balamah, bara ya Liberia, alikowahi kuishi akipiga picha. Aliona sherehe ya jando iliyochukua siku nne, kijiji kizima kimo, mambo yanakwenda, na kamati ya maandalizi haikuonekana popote. Watu wamekaa duara. Mwaka 1985, kule Monterey, California, akawaketisha watu 85 kwenye duara, akaanza.

Kwa hiyo mtu akikuambia hayo ni mambo ya Wazungu, mwambie yalitokea kijijini Afrika Magharibi, yakaenda kutembea, sasa yamerudi na begi.

Na wala hatuna haja ya kwenda Liberia. Hapa chini ya mlima Waarusha wana engigwana, kikao chao cha mazungumzo. Mtafiti Gulliver aliielezea kwenye kitabu chake cha mwaka 1963. Watu wanakaa majanini, penye kivuli, mwenye neno anasimama analisema, na laigwanani si hakimu wa kukata kesi, ni mtu wa kuyashika mazungumzo yasimwagike. Mnazungumza mpaka mnapatana. Hapakuwa na mgeni rasmi. Mgeni rasmi alikuja baadaye, na gari lake, na kuchelewa kwake, na watoto wa shule wakimsubiri juani na maua.

Haya, mgeni rasmi tumeshamweka kando. Tuje kwenye posho, ndipo penye utamu.

Wengi wanasema posho imewaharibu watu, kwamba Mtanzania bila bahasha haendi mkutanoni. Mimi nilikuwa nasema hivyohivyo. Nimeshahudhuria warsha moja ya siku tatu, hoteli nzuri, sitaitaja. Siku ya tatu orodha ya posho ilipitishwa kabla ya chakula cha mchana, na baada ya chakula ukumbini tulibaki mtoa mada, mimi, na mtu mmoja aliyesinzia. Nikasema, jamani, tumekwisha.

Lakini siku hizi nawaza tofauti. Hebu fikiri nami. Ile warsha ilikuwa ya nani? Mada ilichaguliwa kwingine, tarehe ilichaguliwa kwingine, hata maazimio yalikuja yamechapwa tayari. Mtu ameacha duka lake, ameacha shamba lake, amekuja kukaa siku tatu kwenye ajenda ya mtu mwingine. Kwa nini asilipwe? Hiyo posho ni ujira wa kibarua, kibarua cha kusikiliza. Mwenye ajenda ndiye hulipa. Nalirudia hilo, lishike maana tutalihitaji mbele: mwenye ajenda ndiye hulipa. Ajenda ikiwa ya mfadhili, mfadhili atoe posho. Ajenda ikiwa yako, wewe utatoa kiingilio, na utakitoa bila kuvutwa mkono.

Unanibishia? Twende kwenye kikao cha harusi. Jumapili alasiri, baa fulani Kijenge, watu ishirini wamekaa duara. Mwenyekiti amechaguliwa na wao, mweka hazina amechaguliwa na wao, na kila mmoja ana kadi ya mchango mfukoni. Wanakutana mara sita, mara nane, kila mmoja kwa nauli yake na soda yake. Usiku wanagombana kuhusu bei ya ukumbi na MC. Hakuna anayedai posho! Mtu ambaye Jumatatu hakanyagi semina bila bahasha, Jumapili ametoa laki moja ili apate haki ya kugombana. Ni mtu yuleyule, wasikilizaji wangu. Kilichobadilika ni ajenda ya nani.

Au turudi nyuma zaidi. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zikateketezwa, ardhi wapewe walowezi. Wameru wakakaa vikao. Wakachangishana, wakulima wa kahawa na wenye mbuzi wawili watatu, mpaka wakampata wa kumtuma ng'ambo. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama New York, Umoja wa Mataifa, na mwanasheria Earle Seaton akiwa pamoja naye, akalisema jambo la Wameru mbele ya dunia. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini Tanganyika nzima ilisikia. Nani aliwapa posho ya vile vikao? Hakuna. Ajenda ilikuwa ya kwao.

Sawa, utaniambia, hiyo ni ardhi, hiyo ni harusi. Mkutano wa kazi nitamvutaje mtu?

Hapa nitawasimulia kosa letu. Tangazo letu la kwanza liliandikwa hivi: "Kongamano la Wadau wa Utalii, Changamoto na Fursa." Tulilipendezesha kwa picha ya tembo. Wiki mbili tukauza tiketi tatu, na moja niliinunua mimi. Kwa nini? Kwa sababu "changamoto na fursa" si ajenda ya mtu yeyote. Hakuna mtu aliyewahi kukosa usingizi usiku kwa sababu ya changamoto na fursa.

Tukalifuta. Rafiki yangu mmoja aliyewahi kupandisha wageni Mlima Meru akasema, andika hivi: "Saa sita usiku, Saddle Hut, mgeni wako kichwa kinamuuma na anatapika, lakini anataka kwenda kileleni kwa sababu amelipa. Nani anaamua ashuke: wewe, askari mwenye bunduki, au yeye mwenyewe?" Wewe msikilizaji usiye mtu wa mlimani nikufafanulie: Mlima Meru hupandi bila askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa sababu ya nyati. Anatembea na kundi lenu tangu geti la Momella. Kwa hiyo kuna mwongozaji wenu, kuna askari, kuna mgeni mwenye hela zake, na kuna mita elfu nne na mia tano na ushee. Swali hilo kila mwongozaji amewahi kulala nalo.

Tulilituma kwenye simu. Hatukuweka picha, hatukuweka nembo, tukaweka swali peke yake na tarehe. Usiku uleule simu zikaanza kulia. Mmoja ananitukana kwamba askari hana mamlaka hayo, mwingine ananiambia yeye alishawahi kumbeba mgeni mgongoni. Nikawajibu wote neno moja: njoo uyaseme mbele ya wenzako.

Kwa hiyo, la kwanza la kuvuta watu: toa swali ambalo watu wanaligombania, mada iache. Na swali hilo usilitunge ofisini. Nenda kalisikilize pale mafundi wanapofungua gia za Land Cruiser, au jikoni wapishi wanapomenya viazi.

La pili. Baada ya swali, watu wakaanza kuuliza jambo jingine, na hapo nilijua tumeshapona. Hawakuuliza tena mgeni rasmi ni nani. Waliuliza, "Nani atakuwepo?" Unaona tofauti? Mgeni rasmi anaangaliwa. Anayekuwepo unakaa naye. Tukaanza kuwajibu ukweli: yupo fundi yule wa magari wa Sakina, yupo mama mmoja mpishi wa kambi aliyepikia jangwani na porini miaka ishirini, wapo wapagazi sita wa Kilimanjaro. Kila aliyelipa tulimwomba ruhusa ya kumtaja kwa anayefuata. Watu wakavuta watu.

Na hili si jipya hapa. Juni 2007, pale Ngurdoto, njia ya kwenda Momella, palikuwa na mkutano mkubwa wa TED, siku nne. Nisiwadanganye, ule haukuwa mkutano wa washiriki wenyewe. Ulikuwa na jukwaa na taa na wazungumzaji waliochaguliwa. Kijana William Kamkwamba wa Malawi, aliyejenga mtambo wa upepo kwa vyuma chakavu, ndipo alipojulikana. Andrew Mwenda wa Uganda aliishambulia misaada ya nje mpaka mwanamuziki Bono akampigia kelele kutoka vitini. Lakini angalia waliokuwa kwenye chai. Walikuwepo Ory Okolloh na Juliana Rotich kutoka Kenya, na Erik Hersman aliyekulia Sudan na Kenya. Miezi michache baadaye Kenya ikalipuka baada ya uchaguzi, na hao, pamoja na mtaalamu wa programu David Kobia, wakaunda Ushahidi, mtandao wa kupokea taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani, uliokuja kutumika nchi nyingi duniani. Hotuba za Ngurdoto leo unazitazama bure kwenye simu yako. Wale uliokunywa nao chai huwezi kuwapakua.

Basi hicho ndicho unachouza. Mtu hakulipi kwa ajili ya jukwaa, anakulipa kwa ajili ya wenzake.

Sasa kuna mzee mmoja alinibana vizuri sana. Alisema: "Kijana, sisi ndio tutakaozungumza. Sisi ndio wenye ujuzi. Sisi ndio tutakaopanga ajenda. Wewe hela yetu unaila kwa lipi?" Nilikosa jibu siku ile. Jibu nililipata wiki iliyofuata nikiwa Ngaramtoni, mashine ya kusaga. Mahindi ni yako. Umeyalima wewe, umeyapukuchua wewe, umeyabeba wewe mpaka pale. Mwenye mashine hana hata punje. Na unamlipa, hulalamiki, kwa sababu bila mashine unarudi nyumbani na mahindi badala ya unga. Mwandaaji ndiye mwenye mashine. Kazi yake ni mahali, wakati, utaratibu, chakula, na kuhakikisha mtu mmoja hazungumzi siku nzima. Anasaga, analipwa.

Ila mashine za kusaga tunazijua, kuna anayesaga na kuna anayechota. Yule wa pili, ukirudi nyumbani ukapima unga, unashangaa. Kwenye mikutano, kuchota ni hivi: kampuni moja ilitufuata ikasema italipia chakula chote, sharti tuwape namba za simu za washiriki wote, na dakika ishirini za kuzungumzia bidhaa yao. Ilikuwa hela nzuri. Nakiri tulikaa usiku mzima tukibishana. Lakini kumbuka lile nililosema ulishike. Mwenye ajenda ndiye hulipa, na anayelipa, polepole, anageuka kuwa mwenye ajenda. Leo dakika ishirini, mwakani meza kuu, mwaka wa tatu mgeni rasmi ameshuka kwenye gari. Na siku washiriki wakigundua kwamba mkutano si wao tena, watafanya nini? Watadai posho. Na watakuwa na haki.

Tulikataa. Matokeo yake nitawaambia kwa shilingi, maana redioni watu hupenda kusema faida bila kuitaja. Tulitegemea watu sitini, tukaagiza chakula cha watu sitini. Walikuja arobaini na watatu. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na sisi kwa akili zetu tuliiweka siku hiyo Jumatano, siku ya soko la Tengeru, barabara yote ya Moshi imejaa ndizi na pikipiki. Kiingilio kikaleta milioni moja, laki mbili na elfu tisini. Matumizi, yaani bustani ya loji moja ndogo huko Usa River, chakula, karatasi, simu, na watu wawili tuliowalipa wasimamie utaratibu, yakawa milioni moja na laki mbili kamili. Ikabaki elfu tisini, sisi watatu. Kila mmoja elfu thelathini, sawasawa na kiingilio! Mke wangu aliniuliza kwa upole kama si afadhali ningekuwa mshiriki, nikala chakula nikarudi nyumbani.

Lakini angalia hela ilipotea wapi. Ilipotea kwenye sahani kumi na saba ambazo hazikuliwa. Haikupotea kwa wazungumzaji, maana hatukuwa nao. Haikupotea kwa tiketi za ndege, mabango wala zulia jekundu. Mkutano wa namna hii gharama zake ni ndogo, na karibu zote zinahesabika kwa kichwa cha mtu. Mwaka wa pili tukasema: hakuna sahani bila hela. Ukilipa elfu kumi ya mwanzo, jina lako linaingia na sahani yako inaagizwa, nyingine utamalizia mlangoni. Jumatano tukaiacha, Jumamosi pia kwa sababu hiyohiyo ya soko, Ijumaa Waislamu wana swala yao, Jumapili wengine wako kanisani. Tukachagua Jumanne. Na chakula tukaondoka kwenye bufee ya kuku na wali wa rangi, tukapika loshoro na ndizi nyama, na mtindi wa kutosha. Ni bei nafuu, na watu walikula wakaongeza. Tukapata risiti zetu, tukalipa kodi yetu, tukagawana. Kiasi sikitaji, mwenye nyumba wangu naye ni msikilizaji wa kipindi hiki.

Kabla muda haujanikimbia, jambo moja la adabu, maana najua wazee wananisikiliza wakiguna. Hiyo kanuni ya miguu miwili kwetu ni ngumu. Kijana wa miaka ishirini na mbili atanyanyukaje amwache mzee katikati ya maneno? Mwaka wa kwanza hawakunyanyuka. Bosi mmoja mstaafu aliishika pembe ya mwembe kwa saa nzima akisimulia safari za miaka ya themanini, na vijana kumi na wawili walikaa kimya, macho yamewatoka, wakati pembe ya jikoni lile swali la Saddle Hut linawaka moto bila wao. Huyo mzee hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia. Kosa ni letu.

Mwaka wa pili tulimfuata nyumbani kwake na sukari kilo mbili. Tukamwomba yeye ndiye afungue siku, na yeye ndiye atoe ruhusa. Akasimama kwenye duara na fimbo yake, akasema kwa sauti: wanangu, leo atakayeondoka nikizungumza hajanivunjia heshima, ameniambia tu kwamba amenisikia. Watu wakacheka. Saa nne na nusu alibaki na wasikilizaji wawili pale chini ya mwembe, akawatazama, akawaambia, "Hata nyie, twendeni jikoni." Akabeba kiti chake mwenyewe. Na kule jikoni ndiko alikosema jambo ambalo hakuna aliyelijua: kwamba zamani walikuwa wanakubaliana na mgeni kabla ya kuondoka getini, mbele ya askari, nani atasema neno la mwisho juu mlimani. Wanapatana kabla kichwa hakijaanza kuuma. Vijana watatu walitoa madaftari wakaandika. Nasikia kuna makundi sasa yanafanya hivyo Momella asubuhi.

Naambiwa kwa mkono nimebakiza dakika mbili. Zimeingia jumbe nyingi, nisome mmoja. Mama mmoja wa Nkoaranga anaandika: "Shikamoo mtangazaji. Sisi ni wafugaji, tunauza maziwa. Hayo mambo ni ya watu wa utalii tu, au na sisi tunaweza?" Marahaba mama. Nilimjibu hapahapa wakati wa wimbo, nikamwomba aniandikie jambo moja tu ambalo wafugaji wa huko wanaligombania. Amejibu sasa hivi, nalisoma kama lilivyo: "Maziwa ya asubuhi yana mnunuzi. Ya jioni ni ya nani?"

Mama, hilo usilibadilishe hata neno. Litume hivyohivyo kwa wenzako, na tarehe chini yake. Mimi nakuja, na elfu kumi yangu ya mwanzo naituma leo.

Taarifa ya habari inafuata. Kwaherini.